Ndirangu wa Damu

Naro Moru, Jumamosi mchana

Wangari mwanangu,

Wewe na mama yako mmeondoka asubuhi kwenda Karatina kununua sanduku, nami namjua mama yako. Atashika kila sanduku sokoni, atingishe kufuli, amwambie mwenye mali kwamba hilo ni bovu, aondoke kwa hasira, halafu arudi kwa yule yule wa kwanza. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimekaa mezani, mlango nimeufunga, na jirani akibisha nitajifanya sipo.

Habari za blanketi, za maji ya kuchemsha na za chumba cha kupanga huko Embu mama yako ameshakwambia, na kesho atakwambia tena kituoni mbele ya watu. Mimi sitagusa huko. Nataka kukueleza habari ya neno moja la Kiingereza, na habari ya mtu mmoja, na yangu mimi.

Ile barua yako ya kazi niliisoma mara nne. Mara ya nne niliinua dirishani, ukanicheka. Ukasema, “Baba, kwani unatafuta nini huko nyuma?” Nilikuwa natafuta walichoficha. Unajua nilivyo. Mtu akinisalimu kwa furaha nyingi, naanza kujiuliza anataka nini. Mama yako husema hata mvua ikinyesha kwa wakati wake mimi huitilia shaka. Ni kweli, wala sikuzaliwa hivyo. Lakini katika barua ile kulikuwa na neno moja ambalo halikufichwa, nalo ndilo lililonishtua: mkalimani. Mkalimani wa mahakama. Kama wangekupa ualimu au uuguzi, huenda nisingeandika haya, nami ningezeeka nayo kimya kimya.

Mimi pia niliwahi kuwa mkalimani, Wangari. Siku moja tu, tena kwa dakika chache.

Unajua kwamba kabla ya uhuru nilikuwa karani wa stoo katika shamba lile kubwa la Mzungu, ambalo sasa limekatwa mashamba madogo, na letu ni mojawapo. Mzungu mwenyewe alikuwa na jina lake, lakini sisi tulimwita Bwana Bladi. Neno hilo halikumtoka mdomoni tangu kuamka mpaka kulala. Mtu akiweka ndoo pasipo pake: “Wewe bladi fulu! Nani naambia wewe weka hapa?” Mvua ikikawia, bladi. Mvua ikija, bladi vile vile, na mikono ameinyoosha nje apate kulowa. Ng'ombe akizaa salama baada ya shida ya kutwa nzima, alimpigapiga yule ng'ombe shingoni akamwita bladi kwa sauti ambayo mtu humwimbia mtoto. Na siku mbwa wake mkubwa alipokufa, alikaa kwenye ngazi za nyumba akasema, “Bloody dog. Bloody, bloody dog,” huku machozi yanamtoka, nasi tukageuka tukatazama mlima.

Nyanya yako, ambaye una jina lake, alidhani hilo ndilo jina alilopewa na mama yake. Siku moja alikuja kuomba dawa ya homa, akasimama mbele ya veranda akasema kwa adabu zake zote, “Bwana Bladi, mimi iko na mtoto mgonjwa.” Mimi nilitaka ardhi ipasuke niingie. Mzungu alicheka mpaka akashika nguzo. Alimpa dawa, na kuanzia siku hiyo kila akimwona alimsalimu yeye kwanza. Nyanya yako alikufa bila kujua kwa nini. Mimi sikumwambia, na nadhani sikukosea.

Nami wakati ule nilitaka sana Kiingereza. Nilikuwa nimefika darasa la sita, na niliona kwamba Kiingereza ndicho kilichowekwa katikati ya watu wanaoketi na watu wanaosimama. Nilikuwa na daftari. Kila neno jipya niliandika, na mahali nilipolisikia. Kamusi niliyokuwa nayo, kuukuu, haina jalada, ilisema kwamba neno hilo maana yake ni “-a damu, -enye damu.” Nikaona hapana, haiwezekani. Mvua ina damu gani? Nikaanza kumfuata Mzungu yule kwa masikio. Daftari lilijaa. Aliposema hivi amekasirika. Aliposema hivi amefurahi. Aliposema hivi amechoka tu. Na ukurasa mmoja, hili ndilo nakuomba ulishike, niliandika: “Ameonja maziwa ya Ndirangu, amesema bloody good. Maana yake hapa: mazuri sana sana.” Ni mkono wangu mwenyewe ulioandika.

Ndirangu unamjua kwa jina la wali. Yule wa Mwea, ambaye kila mavuno hutuletea gunia la mchele kwa lori linaloshusha Karatina. Wewe na ndugu zako mmekua mkila “wali wa Ndirangu” bila kuuliza Ndirangu ni nani. Alikuwa mkuu wa wakamuaji pale shambani, na rafiki yangu. Tulitahiriwa mwaka mmoja. Wakati wa Hali ya Hatari alikamatwa akakaa kizuizini miaka miwili, na nyumba yake aliniachia mimi niitazame, nami niliitazama. Alipotoka, Mzungu alimrudisha zizini siku ile ile bila maneno. Ndirangu hakuwa mtu wa kusema sana. Ng'ombe walimjua kwa kukohoa kwake.

Uhuru ulipokaribia, Bwana Bladi aliuza akaamua kuondoka. Shamba likapimwa, vigingi vikapigwa, na kamati ikaja kuchagua watakaopewa. Walikuwa wazee wanne. Mwenyekiti alitoka upande wa Machakos, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Karani wao aliyejua Kiingereza alikuwa mgonjwa siku hiyo, ndiyo maana nikaitwa mimi kutoka stoo. Nilivaa tai. Mpaka leo nikiiona tai ile najisikia vibaya.

Kufikia saa nane mashamba yote yalikuwa na wenyewe isipokuwa moja, hili lenye mto chini. Majina yaliyobaki yalikuwa mengi, lakini la kwanza lilikuwa la Ndirangu. La pili lilikuwa langu. Nakueleza hivi ili usije ukadhani baadaye kwamba sikujua.

Mwenyekiti alitaka mwenye shamba aseme neno juu ya kila mtu, kwa sababu waliogopa kuwapa watu wasiojulikana. Mzungu alikataa kuingia ndani kukaa nao. Gari lake lilikuwa limeshapakiwa. Alisimama nje ya dirisha, mkono mmoja juu ya kizingiti, na Kiswahili chake cha kuamrisha ndoo kilimwisha kabisa siku ile. Alisema Kiingereza tu. Wengine aliwasemea neno moja moja, huyu ni mzuri, huyu ni mvivu, nami nikatafsiri sawasawa. Kisha likasomwa jina la Ndirangu.

Mzungu akacheka kidogo. Akatazama upande wa zizi. Akasema, “Ndirangu? Bloody Ndirangu! You won't find another like him.” Sauti yake ilikuwa ile ya siku ya mbwa. Akapiga kizingiti kwa kiganja, akageuka, akaingia garini. Sikumwona tena.

Wazee wakanitazama.

Mimi nikasema, “Anasema, ‘Ndirangu wa damu. Hamtapata mwingine kama yeye.’”

Tazama sentensi hiyo, wewe unayekwenda kufanya kazi hii. Hakuna neno nililoongeza. Hakuna nililopunguza. Mwalimu angeipa alama. Lakini wakati ule, katika nchi hii yetu, damu halikuwa neno la kuchezea. Watu walikuwa wamezika watu. Wazee wale wenyewe, kila mmoja alikuwa na mtu wake.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. “Damu? Damu gani hii?”

Mmoja wa wazee akasema, “Huyu si alikuwa kizuizini?”

“Karani,” mwenyekiti akaniambia, “ati mzungu anasema huyu mtu iko na damu ya watu? Sema vizuri.”

Hapo ndipo mahali penyewe, Wangari. Mpaka hapo ningeweza kuapa kwamba nilikosea kama wanavyokosea wanaojifunza. Nilikuwa nimefanya haraka, nimeogopa wazee, nimeshika maana ya kamusi. Lakini niliulizwa. Nilipewa nafasi ya pili, mezani, kwa upole. Na nilipofungua mdomo niliona daftari langu waziwazi, ukurasa ule wa maziwa. Nikaona pia mto.

Nikasema, “Mimi sijui, mzee. Ndivyo amesema.”

Wakapiga mstari juu ya jina lake, wakasoma linalofuata.

Ndirangu alikuwa amekaa nje chini ya paa la stoo, kofia mikononi. Hatua kumi kutoka dirishani, labda kumi na mbili. Nimezipima mara nyingi tangu siku hiyo, na stoo yenyewe ilishabomolewa. Kiingereza chake kilikuwa cha zizini, lakini zizini ndiko neno lile lilikokuwa linaishi. Je, alisikia? Alimwona Mzungu akicheka? Nilipotoka aliniuliza kwa Kikikuyu kama jina lake limo. Nikamwambia halimo. Akasema, “Lako limo?” Nikasema limo. Akanishika mkono akanipongeza. Nimeukumbuka mkono ule miaka yote hii nikijaribu kujua ulikuwa unasema nini.

Baada ya miezi michache nilikwenda mjini Nyeri, nikaingia katika duka la mzee mmoja Mwislamu wa Majengo, Mzee Salim, aliyewahi kuwa dereva wa jeshi na Wazungu huko Burma. Nilinunua sabuni ambayo sikuihitaji. Nikamuuliza neno hilo lina maana gani.

“Nani amekutukana?” akasema.

“Hakuna. Naulizia mtu.”

“Aa. Mtu.” Alinitazama juu ya miwani. “Hilo neno, bwana, peke yake halina kitu. Ni kama chumvi. Lazima uonje chakula ndio ujue imeharibu ama imekoleza. Kulikuwa na sajini wetu, alikuwa anatuita hivyo kutwa, na siku gari yangu ilianguka mtoni aliruka kunitoa, na bado ananiita hivyo hivyo ndani ya maji.”

Nikamweleza maneno yale, kama habari niliyoisikia mahali. Hata jina nilibadilisha.

Mzee Salim akatingisha kichwa. “Huyo alisifiwa. Tena alisifiwa sana. Nani alitafsiri?”

“Sijui,” nikasema.

Alifunga sabuni yangu kwa gazeti, taratibu, akanipa bila kuniangalia. Sikuingia tena katika duka lile. Hata nikiwa na haja ya kitu nilizunguka njia ya nyuma, na niliposikia amefariki, Mungu anisamehe, nilipumua.

Kwa nini nilikwenda kumuuliza kitu nilichokijua? Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kwamba kamusi ni kweli. Angesema tu “damu,” ningerudi nyumbani nikalala usingizi.

Ndirangu alikaa kwa shemeji yake muda kidogo, halafu akasikia kuna mashamba ya mpunga Mwea, ya kulima kwa kanuni za watu, maji yakifunguliwa unafungua, yakifungwa unafunga. Mtu wa ng'ombe, wa baridi ya hapa, akaenda kusimama kwenye tope na mbu. Mke wake alishikwa na malaria mara nyingi huko, akafa mwaka ule ulipoanza shule. Nilikwenda mazishini. Nilibeba jeneza. Ndirangu aliniweka nikae karibu naye, akawaambia watu, “Huyu ni ndugu yangu, yeye ndiye aliyenitazamia nyumba.”

Mavuno yaliyofuata ndipo gunia la kwanza lilipokuja. Jina langu limeandikwa kwa rangi nyekundu. Mama yako alifurahi akapika siku hiyo hiyo. Mimi sikuweza kumeza. Nilisema tumbo. Tangu hapo kila mwaka gunia linakuja, na kila mwaka mimi nalichunguza kama barua yako ile. Mtu hampi mwenzake mchele miaka yote hiyo bure. Ama hajui, basi ananipenda, na mimi namla. Ama anajua, na hili gunia ndilo neno lake, ananiambia kila mavuno kwamba anajua. Rangi nyekundu nayo ni ya nini? Magunia mengine yote lorini yameandikwa kwa buluu. Niliuliza. Wakaniambia labda buluu iliisha. Kila mwaka inaisha?

Unaona nilivyo mjinga. Na tangu siku ile nimekuwa hivi kwa watu wote. Mwalimu wako mkuu aliponisifia wewe, nilidhani anataka kitu. Watoto wa ndugu yangu wakija kutusalimu, natazama macho yao kama yanatazama mto. Mtu ambaye aligeuza sifa ikawa shtaka hawezi tena kusikia sifa ikipita bila kuigeuza aone chini yake. Mnanicheka, nami najua mnanicheka kwa mapenzi, lakini mlikuwa hamjui mnachekea nini.

Neno lenyewe halikuondoka na mwenyewe. Wewe umelisikia. Yule ofisa mweusi mwenye suti, siku tulipopanga foleni kutafuta cheti chako cha kuzaliwa, alimwambia mama mmoja mzee, “Bladi fulu, rudi nyuma,” na mama yule akarudi akijipangusa kana kwamba amemwagiwa kitu. Watoto wa hapa wanaliimba wakicheza mpira, kwao halizidi pembe ya mbuzi kwa uzito. Mwenye hoteli ya chai pale stendi akimwona rafiki yake wa siku nyingi humwita hivyo hivyo, wakakumbatiana. Kesho kutwa mahakamani atasimama mtu, aseme kwamba fulani alimwita neno hilo, na hakimu atakutazama wewe. Kama wale wazee walivyonitazama.

Sitakufundisha kazi. Watakufundisha wenyewe, na Kiingereza chako kimepita changu zamani. Nakwambia tu nilichokiona mimi. Siku utakaposikia maana mbili katika neno moja, na moja ya maana hizo ikawa inakufaa wewe, au inamfaa mtu unayempenda, au hata inakufanya uonekane hodari, hiyo ndiyo ya kushuku. Mwombe aliyesema aseme tena. Waache wakuone huna elimu. Mimi niliona aibu ya kukimbia nje kusimamisha gari na kumuuliza Mzungu, “Bwana, una maana gani?” Gari lilikuwa bado halijafika getini. Ningelifikia nikitembea tu.

Sasa jambo la kesho.

Basi la Embu linapita Mwea, unajua. Nilikuwa nimesema nitakusindikiza mpaka Karatina tu. Nitakwenda zaidi. Kazi yako inaanza Jumatatu, na Jumapili mabasi ni mengi, kwa hiyo nakuomba tushuke pamoja Mwea kwa saa moja hivi, halafu uendelee na safari. Ndirangu nimemtumia neno kwa dereva wa lori kwamba tunapita. Hajui kwa nini.

Mama yako hajui haya yote. Nitamwambia leo mkirudi, wewe ukishaisoma hii, kabla hajalifungua hilo sanduku kukuonyesha mifuko yake, na wewe usitoke chumbani, kaa naye. Atalia. Shamba hili ameliinamia kwa mgongo wake mwenyewe, naye hakutafsiri kitu. Ndirangu akitaka nusu, nusu ya upande wa mto ni yake. Akitaka lote, tutazungumza kama watu. Akitaka kunipeleka mbele ya wazee, nitakwenda. Kama atataka nisionekane tena mbele yake, hilo ndilo ninaloliogopa kuliko shamba, nami nakwambia wazi kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia. Naogopa, mwanangu. Nimeogopa miaka yote uliyo nayo.

Na najijua. Tukifika nitauliza habari za mpunga. Nitauliza maji yamefunguliwa lini. Nitaisifu baiskeli yake. Yeye atakupa kiti, atakupongeza kwa kazi, ataniambia nimezaa mtoto wa maana, nami nitaona saa yako ya basi imekaribia, nitasimama, nitasema basi, tutaonana siku nyingine. Nimeshafanya hivyo mara tatu.

Ukiniona nimefika hapo, usinihurumie. Baki umekaa. Niulize mbele yake, kwa sauti ya kusikika, kwa Kikikuyu ili asikose hata neno: “Baba, siku ile dirishani, yule Mzungu alisema nini?”

Halafu usinisaidie kujibu.

Baba yako